Deodand: Mashine Iliyomuua Mdogo Wake Sasa Iko Mikononi Mwake

Alfajiri, kabla taa za barabarani hazijazimwa, Bi Hamira anaingia kiwandani, anavua kandambili mlangoni, anavaa raba zake nyeupe za kazi na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukandia unga. Hasalimii mtu kwanza. Anaizunguka yote, anachungulia chini yake, anagusa waya wa umeme hadi ukutani, kisha anasimama mbele yake mikono kiunoni kama mwenye nyumba anayemkagua mpangaji msumbufu.

"Haya," anaiambia kwa sauti ya chini. "Tumeamka salama, mimi na wewe."

Wenzake hawacheki. Wanaendelea kupaka mafuta makopo ya mikate, na yule wa tanuri anaendelea kupiga miayo. Mgeni akiuliza kwa nini mwanamke mtu mzima anaongea na chuma, anavutwa pembeni na kuambiwa, na akishaambiwa naye hacheki.

Mashine hiyo ndiyo iliyomuua mdogo wake.

Msomaji usidhani mwandishi ametia chumvi. Si mashine inayofanana nayo, wala si ya kampuni moja nayo. Ni hiyo hiyo, yenye ndoano kubwa ya chuma inayozunguka ndani ya beseni na kulikoroga donge. Leo inakanda mikate inayoliwa na nusu ya mtaa huu, na anayeiendesha ni dada wa marehemu.

Bi Hamira ni jina la kazini. Wateja walimpa kwa sababu akipita tu harufu ya hamira inamtangulia, hata akiwa ametoka kuoga. Yuko kwenye kazi hii tangu usichana wake. Mshahara wa mwezi unatosha kodi ya vyumba viwili na ada ya mtoto mmoja, na ada ya mtoto wa pili anaitafuta Jumapili kwa kufua nguo za watu. Mgongo unamsumbua. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri asubuhi mpaka avichovye kwenye maji ya moto.

Mdogo wake alimfuata kwenye kazi hii, ila aliajiriwa kiwanda kingine, upande wa pili wa mji. Alikuwa mtu wa maneno mengi na madaha, mwenye mke na watoto wawili. Mashine mpya ya kukandia ilipofika kule kwao, alitamba nayo mpaka nyumbani wakachoka. Aliiita "bibi harusi". Ilipovunjika mguu mmoja wakati wa kushushwa kwenye gari, yeye ndiye aliyehangaika kuitafutia mguu mwingine.

Kisha ikaja asubuhi ile ya oda nyingi. Mkono wa koti lake la kazi ulishikwa na ndoano, na ndoano haikusimama. Wenzake walipofika kwenye swichi ya ukutani, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Mwenye kiwanda kile aliiambia familia kwamba umeme ulipanda ghafla, mashine ikapagawa, na hayo ni mapenzi ya Mungu. Alitoa jeneza, alitoa gari la msiba, na yeye mwenyewe alibeba. Mjane, ambaye ni wifi yake Bi Hamira, alikuwa hajiwezi kwa kilio. Wakamshukuru yule bwana, wakazika, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza mashine inapagawaje.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Huku kwa Bi Hamira, mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Tajiri ingawa naye viatu vyake vimeliwa visigino, alikuwa akiimba wimbo mmoja tu: mashine kubwa inakuja. Ilipokuja kweli, juu ya lori, imepakwa rangi ya kijani inayonuka bado, watu walipiga makofi. Bi Hamira ndiye aliyefagia mahali pa kuiweka.

Ilikuwa inayumba kidogo. Akatafuta kipande cha ubao, akapiga magoti ili akisukumize chini ya mguu. Hapo ndipo alipoona. Miguu mitatu ilikuwa ya bomba la mviringo, na mmoja wa chuma cha pembe nne, umechomelewa.

"Chuma kile nakijua," anasimulia. "Kimetoka kwenye kitanda changu. Mdogo wangu alikuja kuniomba kitanda kibovu akate mguu wa bibi harusi wake. Nilimpa mwenyewe, tukacheka."

Akabaki amekishika kile chuma kwa mikono miwili, na wenzake waliokuwa wakishangilia wakadhani amepata kizunguzungu, wakamletea maji ya sukari. Akawaambia maneno matatu tu, "Ilimuua mdogo wangu," na mtu aliyeshika glasi akaiangusha.

Tajiri naye alipigwa na butwaa. Alikuwa ameinunua kwa dalali, na dalali hakusema imetoka wapi wala kwa nini imeuzwa haraka hivyo na kwa bei ile. Kumbe wafanyakazi wa kule walikuwa wamegoma kuigusa. Tajiri alikaa kwenye gunia la unga, akajishika kichwa, suruali yote ikawa nyeupe.

"Dada yangu, ningejua nisingeinunua," alimwambia. "Lakini nimeshainunua."

Bi Hamira alivua aproni, akaenda zake. Aliapa hatarudi tena. Akarudi, kwa sababu mwenye nyumba wake hakuwa ameapa chochote. Tajiri akamruhusu akande maandazi kwa mkono kwenye kona, akiwa ameipa mashine mgongo. Kila ilipowashwa alishtuka, unga ukamwagika. Nyumbani usingizi ulimpaa. Alikonda, na watu wenye midomo yao walianza kusema ana ugonjwa.

Aliyemletea neno ni mteja wa dirishani. Ni mzee mwembamba, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, anayenunua nusu mkate kila siku na kuacha neno jipya kama bakshishi. Wanamwita Kamusi. Kwa kawaida wauzaji humkimbia, maana akianza kueleza neno moja, foleni nzima inachelewa kazini. Siku aliyosikia habari ya mashine, Kamusi hakueleza chochote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaondoka bila mkate wake.

Kesho yake alirudi na kumwomba Bi Hamira atoke nje. Wakakaa juu ya kreti tupu za soda. Akamwambia Waingereza wa kale walikuwa na neno la kitu kama kile: deodand.

Bi Hamira anasema nywele zilimsimama. Alikuwa akidhani balaa lake halina jina duniani, kwamba ni yeye peke yake aliyepata kuangukiwa na jambo la namna hii. Kumbe lilishatokea mara nyingi kiasi cha watu kulitungia neno, na si neno tu, bali sheria.

Neno hilo, Kamusi alimweleza, limetoka Kilatini, nalo maana yake ni kitu kinachopaswa kupewa Mungu. Huko Uingereza, kwa mamia ya miaka, kitu kikimuua mtu kwa ajali, hakikurudi kazini hivi hivi. Gari la farasi lililomkanyaga mtu, fahali aliyempiga pembe, mti uliomwangukia, hata pipa la maji ya moto alilotumbukia mpishi. Wanakijiji waliapishwa, wakakaa, wakakitaja kitu chenyewe na kusema kina thamani gani. Mwenye nacho alikitoa, au alitoa thamani yake, mfalme akakabidhiwa, na ilitakiwa igawiwe maskini kwa ajili ya roho ya marehemu.

"Ilitakiwa," Kamusi alirudia, akicheka kidogo puani. Kadiri miaka ilivyokwenda, vingi viliishia kwenye mfuko wa mfalme, au wa mabwana wakubwa waliopewa haki hiyo. Kisha yakaja magari moshi, yakaanza kuua watu, na mabaraza yale ya walioapishwa yakaanza kuyataja kuwa deodand kwa thamani kubwa. Wenye reli wakashtuka. Katikati ya karne ya kumi na tisa sheria ikafutwa, na mwaka huo huo ikaletwa nyingine ya kuwaruhusu wafiwa kudai fidia. Tangu hapo neno limebaki kwenye makamusi, na Waingereza wengi wenyewe hawalijui.

Bi Hamira hakuyasikiliza yote. Lilimwingia jambo moja tu: kwamba kulikuwa na mahali duniani ambapo watu waliona haiwezekani kitu kimuue mtu asubuhi na jioni kiendelee na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Alilia juu ya kreti ya soda mpaka Kamusi akampa leso.

Akainuka, akaingia ofisini kwa Tajiri bila kubisha hodi. Akamwambia mashine ile ni deodand, si yake tena, ni ya Mungu, aitoe.

Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mbaya. Kisha akamwonyesha risiti ya mkopo iliyobandikwa ukutani. "Sawa, nimpe Mungu mashine," alisema. "Na benki niipe nani? Mimi?"

Habari zikaenea kiwandani. Vijana wa makopo wakaanza kuiita mashine ile Diodandi, wengine kwa utani, wengine kwa woga. Bi Hamira akapiga moyo konde. Kila alipomwona Tajiri alimkumbusha. Tajiri akawa anapitia mlango wa nyuma wa kiwanda chake mwenyewe.

Hali ingebaki hivyo, pengine mpaka afukuzwe, kama Kamusi asingerudi na swali. Anasema hakulileta kwa nia yoyote. Alikuwa amelala akiliwaza neno lake, kama kawaida yake, akakumbuka kwamba wale wanakijiji wa kale hawakuchukua kila kitu ovyo. Waliuliza kwanza: ni kipi hasa kilichosogea kikaleta kifo? Mtu akianguka kutoka kwenye gurudumu la gari lililosimama akafa, waliweza kulitaja gurudumu peke yake. Gari likiwa linakwenda, walilitaja gari zima na farasi wake.

"Kwa hiyo, mwanangu," Kamusi alimuuliza dirishani, huku foleni ikilalamika nyuma yake, "kwa marehemu, kilichosogea ni nini?"

Bi Hamira alijibu bila kufikiri: ndoano. Kisha akajiuliza: mbona haikusimama?

Msomaji asiyejua kazi hii aelezwe kidogo. Mashine za namna hii zina kifuniko cha nondo juu ya beseni, na pembeni ya kifuniko kuna swichi ndogo kama kifungo cha shati. Ukifunua kifuniko, swichi inaachia na ndoano inasimama. Ukitaka iendelee, ufunike tena. Hivyo ndivyo alivyotaka aliyeitengeneza.

Waokaji hawataki hivyo. Mwokaji huongeza unga na maji donge likiwa linazunguka, na hulipapasa kwa kiganja kujua kama limeiva, maana hakuna saa wala kipimo kinachomwambia hilo. Kuifunika na kuiwasha upya kila mara ni kupoteza asubuhi, na Tajiri yuko mlangoni anahesabu kreti. Basi hufanya hivi: gunia la unga hufunguliwa kwa kuvuta uzi wake wa mdomoni. Uzi huo hautupwi. Unazungushwa kwenye ile swichi na kukazwa, nayo inabaki imebonyea siku nzima, kifuniko kikiwa wazi. Wanaita kuilaza. Anayeingia zamu humuuliza anayetoka, "Umeilaza?" na akiambiwa ndiyo, anaridhika.

Kila kiwanda wanailaza. Bi Hamira amekuwa akiilaza tangu siku ya kwanza aliyofundishwa kazi, na mdogo wake vile vile. Mkaguzi akija, uzi hukatwa, na akiondoka gunia lingine hufunguliwa.

Mashine haikupagawa. Umeme haukupanda. Ilifanya kile ilichoambiwa na uzi.

"Niliingia ndani mbio," anasema. "Nikaiendea Diodandi, sijawahi kuisogelea tangu ije. Nikaangalia. Ina uzi. Mpya, wa gunia la asubuhi ile ile. Nikageuka kwenye mashine ndogo ya zamani, ambayo mimi mwenyewe nimeitumia miaka yote. Ina uzi. Nikaona uzi kila mahali, jamani. Kwenye misumari, sakafuni, kwenye mifuko ya aproni. Na mimi mfukoni nilikuwa nao."

Alikaa sakafuni. Anasema alishtuka siku ile kuliko siku aliyouona mguu wa kitanda, kwa sababu chuma alikuwa amekichukia vya kutosha, na sasa hakujua amchukie nani. Kijana wa zamu alikuwa amesimama pale pale, mkono umezama kwenye donge mpaka karibu na kiwiko, ndoano inapita kando ya kidole, naye akimuuliza kama anajisikia vizuri.

Bi Hamira akazima umeme kwenye swichi kuu. Kiwanda kizima kikaingia giza, na tanuri likabaki linang'aa peke yake. Tajiri akatoka mbio akidhani kumeungua kitu.

Akamwambia kwamba hadai tena mashine. Anadai nyuzi. Vifuniko virudi, swichi ziachwe macho, na asiyetaka aondoke. Wenzake walimshukia vibaya. Walisema mikate itapungua, posho ya ziada itakatwa, na kwamba kufiwa si ruhusa ya kuwafundisha watu kazi waliyoizoea. Tajiri alianza kuwaunga mkono. Akahesabu kwa vidole maduka atakayoyakosa.

"Nilimsogelea," anasema Bi Hamira. "Nikamwambia, sawa, wailaze. Lakini siku utakayonikuta mimi ndani ya beseni hilo, ukienda kwa wanangu usiwaambie ilipagawa. Waambie ulijua."

Tajiri alichukua kisu cha kukatia mikate, akazikata zile nyuzi mwenyewe, kwenye mashine zote mbili.

Hasara ilikuja kweli. Maduka mawili yalihama, na wiki za mwanzo watu walinuniana. Taratibu wakajifunza kupima unga kabla, na sasa wanakaribia idadi ya zamani, ingawa hawajaifikia. Bi Hamira aliomba Diodandi apewe yeye na asipewe mtu mwingine. Anasema ikiwa mikononi mwa mwingine hapati usingizi. Mpango wake wa muda mrefu, alimwambia mwandishi, ni kuinunua kwa bei ya chuma chakavu siku itakapochoka, aite fundi aikate vipande mbele ya macho yake. Tajiri ameshampa neno.

Makala haya yangeishia hapo. Mwandishi akauliza, kwa kumalizia tu, wifi yake anasemaje kuhusu haya yote.

Bi Hamira aliinamisha kichwa. Akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Wifi yake hajui, akasema. Hajui mashine iko hapa, hajui habari ya uzi. Na kila jioni humtuma mtoto wake mkubwa kununua mkate, na dirisha analomtuma ni hili hili, kwa sababu kwa shangazi yake hapimiwi vibaya.

Ilimchukua mwandishi muda kuelewa alichosikia. Watoto wa marehemu wanakula mkate uliokandwa na ndoano ile. Shangazi yao anajua, na kila siku anaufunga kwenye karatasi na kuwapa.

"Ningemwambiaje?" aliuliza. "Nianze na neno gani?"

Lakini gazeti likitoka atasoma. Bi Hamira akaomba apewe siku ya kwenda kumwambia mwenyewe. Alikwenda, wakajifungia jikoni. Anasema wifi hakupiga kelele wala hakumlaumu. Aliuliza kama mashine bado inafanya kazi, kisha akafunga mtandio na kusema anataka kuiona.

Alifika juzi adhuhuri, mikate ikiwa imeshatoka. Wafanyakazi walijipanga ukutani. Tajiri alivua kofia. Wifi ni mwanamke mfupi, mpole wa sura, na hakumwangalia yeyote. Alisimama mbele ya mashine akasema iwashwe. Bi Hamira akaiwasha ikiwa tupu. Ndoano ikaanza kuzunguka.

Wifi akanyoosha mkono, akafunua kifuniko. Ikasimama.

Akafunika. Bi Hamira akaiwasha. Akafunua tena, ikasimama. Akafunika, ikawashwa, akafunua. Aliendelea hivyo mpaka yule kijana wa zamu akatoka nje akilia.

"Kwa hiyo ingesimama," wifi alisema.

"Ingesimama, wifi yangu."

"Na mimi nilimshukuru yule bwana. Mbele ya watu. Nilimshika mkono nikamshukuru."

Bi Hamira alimkumbatia, wakalia wote wawili pale pale, na hakukuwa na mtu kiwandani mwenye macho makavu. Walipotulia, wifi ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliwaza. Mashine hii iliuzwa. Kule ilikotoka, watu wanakandia nini sasa?

Wana mashine nyingine. Bi Hamira alishasikia, na alishasikia pia kwamba wanailaza.

Kwa hiyo mpango wa kuinunua Diodandi bado upo, ila umesogea nyuma. Jumatatu, baada ya zamu, mawifi hawa wawili watakwenda kwenye kiwanda kile cha upande wa pili wa mji. Bi Hamira anaamini watafukuzwa getini. Wifi yake amesema hatafuti fidia siku hiyo, wala hatapiga kelele.

"Nitamwomba yule bwana jambo moja," alisema, akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Aiwashe, afunue kifuniko mbele yangu. Isiposimama, hatutoki."